Barua ya Mwalimu na Fimbo ya Baba



Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wanaamkiana nje ya kanisa, alinijia kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akaniomba tusimame kando chini ya mwembe. Alikuwa na jambo limemkaa moyoni. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nataka kukuuliza neno moja, maana wewe umeifanya kazi hii kabla yetu. Je, mwalimu akimficha mzazi kosa la mtoto wake, amesema uongo?"

Nikaitikia, nikamwuliza swali hilo limetoka wapi. Akanieleza. Katika darasa lake la sita yumo mvulana aliyeanza kukosa shule. Wiki ya kwanza alikosa siku mbili, wiki ya pili siku tatu, ya tatu hakuonekana kabisa. Mwalimu akaandika barua fupi, akampa mtoto wa jirani aipeleke kwa baba: "Mtoto wako ni mtoro. Fika shuleni." Baba hakufika shuleni. Jioni ile ile alimpiga mwanawe kwa fimbo hata majirani wakaingia kuamua, na siku nne zilipita mtoto hawezi kuketi vizuri.

"Tangu siku hiyo," akasema yule mwalimu, "nimeapa kwamba sitaandika barua tena. Lakini nikinyamaza, dhamiri yangu yanisuta vile vile. Sasa nifanyeje?"

Sikuweza kumjibu pale pale. Nilimwambia anipe muda. Nimelifikiri jambo hili siku nyingi, na kwa ruhusa yake, mradi nisimtaje jina, nalileta hapa ili tulifikiri pamoja. Katika parokia yetu tunao walimu wengi, na wazazi ni sisi sote.

Wako watakaosema jambo hili ni jepesi. Mwalimu alisema kweli, na kweli haina lawama. Mwenye kosa ni baba aliyepiga. Wengine watasema nalo ni jepesi, ila kwa upande wa pili: mtoto asiumie, basi heri mwalimu angenyamaza. Mimi naona kila upande unayo haki yake, na ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Mtoto ni wa wazazi wake kabla hajawa wa shule. Mwalimu amekabidhiwa kwa saa chache za mchana, kama mtu aliyewekewa amana. Mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kumficha mwenyewe hali ya kitu chake. Tena mzazi asiyejua hawezi kulea. Anayefichwa leo atajua tu siku ya matokeo ya mtihani, na siku hiyo atauliza kwa haki, "Miaka yote hiyo ninyi walimu mlikuwa wapi?"

Lakini amana hii si gunia la mahindi. Ni mtu, ana mwili unaouma na moyo unaokumbuka. Mwalimu anayejua hakika kwamba neno lake litageuka kuwa fimbo, hawezi kunawa mikono na kusema, "Mimi nimesema kweli tu." Anayempa mtu mwenye hasira panga, hata kama panga ni la huyo huyo mwenye hasira, anayo sehemu yake katika yatakayotokea.

Basi tunao wajibu wa aina mbili, nao unagongana. Lakini kabla ya kuchagua mmoja na kuuacha mwingine, yafaa tuulize swali ambalo yule kijana hakuuliza, wala mimi sikuliona mara moja. Je, ile barua ilisema kweli?

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Mimi nilianza kufundisha mwaka 1979. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameingia shuleni. Madarasa yakajaa hata watoto wakakaa sakafuni. Walimu tulikuwa wachache, na wengi walijifunza ualimu huku wakifundisha. Wazazi wengi wa watoto wale hawakuwahi kukaa darasani utotoni mwao. Walikuwa wakijifunza kusoma jioni katika madarasa ya elimu ya watu wazima.

Mwaka mmoja nilimwandikia mama mmoja ripoti ya mwanawe. Mtoto alikuwa wa 40 kati ya watoto 43. Nikaandika hivyo, "40/43", na chini yake, "Aongeze bidii." Siku chache baadaye nilikutana na mama yule anatoka kisimani, ndoo kichwani. Akasimama, akanishukuru kwa furaha kubwa. Alisema amefurahi kwamba mwanawe amepata arobaini kwa arobaini na tatu, amekosa matatu tu! Aliyemsomea ripoti ni nani? Mtoto mwenyewe.

Nilicheka moyoni, nikaenda kuwasimulia wenzangu ofisini, nao wakacheka. Ilipita miaka mingi kabla sijaona kwamba aliyestahili kuchekwa ni mimi. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, lakini kweli yenyewe haikufika. Iliishia mkononi mwa mtoto, naye akaigeuza apendavyo. Niliandika kwa namna iliyonifaa mimi na mkaguzi wangu, si kwa namna iliyomfaa mama yule. Nilitimiza kazi ya kalamu, nikaacha kazi ya ualimu.

Basi hapo ndipo nilipojifunza neno la kwanza: kusema kweli si kuitoa mdomoni tu. Ni kuhakikisha kwamba imefika kwa yule inayemhusu, naye ameielewa. Siku hizi wazazi wengi wanajua kusoma, lakini shida haikwisha. Waweza kusoma herufi na usielewe lugha ya ofisini. Mzazi akiambiwa kwamba "uelewa wa mtoto ni hafifu katika stadi za msingi" ataitikia "Ndiyo, Mwalimu," kwa adabu, kisha atarudi nyumbani hajui lipi la kufanya.

Neno la pili nilifundishwa na mama mwingine. Nilikuwa na msichana darasani aliyekuwa akisinzia kila siku baada ya saa nne. Nilimwita mama yake, na hata kabla hajakaa sawasawa nikamwambia, "Binti yako ni mvivu." Mama alinyamaza kitambo, akizungusha pindo la kanga kidoleni. Kisha akasema, "Bibi yake amepooza tangu mwaka jana. Mimi nalala shambani kulinda nguruwe wasile mihogo. Usiku kucha anayemgeuza bibi na kumpa maji ni huyu. Mwalimu, kama huyu ndiye mvivu, basi mwenye bidii simjui."

Ndugu zangu, ningetamani ardhi ipasuke. Lakini tazameni kosa langu lilikuwa wapi. Nililoliona kwa macho yangu ni mtoto kusinzia. Hilo lilikuwa habari, tena ya kweli. Uvivu sikuuona, niliutunga mwenyewe. Uvivu ni hukumu, na hukumu hiyo niliitoa kabla sijasikiliza shahidi hata mmoja. Laiti ningalisema, "Mama, tangu mwezi wa tatu mtoto anasinzia kila siku baada ya saa nne, nyumbani mnaonaje?" tungalikuwa tumefungua mlango. Niliposema "mvivu" niliufunga, ila kwa bahati mama yule alikuwa na nguvu ya kuusukuma.

Maneno kama mvivu, mkorofi, mzito na mtoro ni mepesi kuandika, nayo hayatueleza chochote. Hayasemi mtoto alifanya nini, lini, mara ngapi, wala kwa nini. Yanamtia mtoto chapa. Mzazi aliyeletewa chapa hana la kufanya ila kuona haya, na mtu aliyeona haya hutafuta wa kumkasirikia. Aliye karibu ni nani? Ni mtoto.

Tena twajifunza kwamba kweli ya mtoto ni kama mzigo wa watu wawili. Mwalimu ameshika upande mmoja: ajua mtoto anavyosoma, anavyocheza, nani rafiki zake. Mzazi ameshika upande wa pili: ajua alivyolala, alichokula, nani kafa, nani kahama nyumbani. Mmoja akijitwika peke yake atauangusha. Mwalimu anayemwita mzazi ili amwambie tu, bila kumwuliza, amefanya nusu ya kazi, na nusu nyingine ndiyo iliyo muhimu zaidi.

Sasa nirudi kwenye swali lenye uzito zaidi. Tuseme mwalimu ameandika vizuri, kwa lugha nyepesi, bila kutia chapa. Lakini anamjua baba huyu, ajua hasira yake. Je, amwambie?

Mimi nasema, kuficha ni jambo moja, na kuchagua wakati, mahali na namna ya kusema ni jambo jingine. Someni tena habari za nabii Nathani katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Alikuwa na neno baya la kumwambia mfalme Daudi, mtu mwenye uwezo wa kuua. Nathani hakuficha kitu, wala hakulipunguza kosa. Lakini hakutuma barua ya mstari mmoja. Alikwenda mwenyewe, akaanza na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, akangoja hata moyo wa Daudi ukaamka wenyewe, ndipo akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye. Kweli ilifika nzima, nayo ikazaa toba. Ingaliweza kuzaa upanga.

Basi mwalimu anayemwogopea mtoto asinyamaze. Aende mwenyewe. Au aanze na mama, au mjomba, au bibi anayesikilizwa nyumbani humo. Kwetu mtoto hana mzazi mmoja tu. Aseme na baba uso kwa uso, kwa sauti ya chini, aeleze jambo zima, na aseme wazi: "Mzee, sikuja ili mtoto apigwe. Nimekuja tusaidiane." Mtu akiisha kukaribishwa kiti na kunywa maji ya nyumba ile, neno lake hupokewa kwa namna nyingine.

Ziko habari zisizongojea. Mtoto akiwa mgonjwa, akiwa hatarini, au akitajwa kutaka kujidhuru, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo. Na iwapo hatari yenyewe iko nyumbani, mwalimu asidhani kwamba wajibu wake umeishia kwa mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba mtoto anadhulumiwa, azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa sababu hiyo pia, mwanafunzi akija na kusema, "Mwalimu, nikuambie siri, lakini uniahidi hutamwambia mtu," mwalimu asiahidi. Amjibu, "Nitakusikiliza, wala sitakutangaza; lakini ikiwa unaumizwa, nitatafuta wa kukusaidia." Ahadi iliyotolewa kabla ya kusikia ni mtego kwa wote wawili.

Hapa sina budi kuungama jambo. Twasema, "Wazazi wa siku hizi ni wakali, twaogopa kuwaambia kitu." Lakini fimbo wameiona kwa nani? Wengi waliiona kwetu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kwamba viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni. Sisi tulio wazee twajua ni vingapi vilivyopigwa bila kuandikwa. Mimi mwenyewe nilipiga, kisha nikaandika barua nyumbani ili mtoto apigwe mara ya pili, nikiona ndio ushirikiano wa shule na wazazi. Jirani zetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni tangu mwaka 2001. Wasomaji wengine hawatakubaliana nami juu ya fimbo, najua. Lakini hata wao watakubali neno hili: mwalimu mwenye fimbo kwapani hawezi kumwambia baba asipige, akasikilizwa.

Yako pia mambo madogo ambayo si madogo. Walimu wetu wengi ni vijana, na mzazi anayekuja shuleni ni wa umri wa mama yake. Amwamkie kwanza. Asimwache amesimama mlangoni huku yeye anasahihisha madaftari. Asimseme mbele ya mtoto wake, wala mtoto mbele ya wenzake. Siku hizi walimu na wazazi wa darasa wanakutana katika makundi ya simu, na hilo lina faida. Tangazo lafika kwa wote mara moja. Lakini nimeona alama za watoto wote zimewekwa humo, kuanzia wa kwanza hata wa mwisho. Mzazi wa yule wa mwisho amevuliwa nguo sokoni. Kanuni yangu ni nyepesi: neno jema lisemwe mbele za watu, neno gumu lisemwe faraghani. Tena neno jema litangulie kwa miezi, si kwa dakika. Mzazi aliyewahi kuitwa ili aambiwe, "Mwanao amesaidia wenzake vizuri," atalisikiliza na lile gumu siku likija.

Nanyi wazazi msidhani mmesalimika. Tangu mwaka 2016, ada ya shule za serikali ilipoondolewa hata kidato cha nne, wako waliodhani kwamba na wajibu wao umeondolewa. Wengine wakiona barua ya shule wanasema, "Hao wanataka michango," nao huitupa pembeni. Wengine hufika shuleni siku moja tu katika mwaka, nayo ni siku waliyokuja kumtukana mwalimu mbele ya watoto. Nawauliza: mwalimu wa mwanao wamjua kwa jina? Umewahi kwenda kumwamkia bila kuitwa? Mbuzi tunamtazama kila jioni kama amerudi; mtoto je?

Nimalize kwa kueleza yaliyotokea. Juma lililofuata nilimwambia yule mwalimu kijana, "Twende." Tukaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa baba yule. Alitupokea kwa uso mkavu, lakini alitupa viti. Baada ya kuamkiana kijana wangu akasema, "Mzee, nimekuja kwa sababu ya barua yangu. Niliandika kwa haraka." Baba akasema, "Wewe uliandika kwamba ni mtoro. Na mimi wiki ile nilikuta fedha katika mfuko wa suruali yake. Mtoto hana kazi, haendi shule, ana fedha. Ningefikiri nini? Nilimpiga kwa wizi, si kwa utoro."

Kumbe! Mwalimu alikuwa na kweli yake, baba alikuwa na kweli yake, na zilipokutana bila wenyewe kukutana zilizaa uongo. Maana mwalimu alijua jambo moja ambalo hakuliandika. Watoto wa darasani walikuwa wamemwambia kwamba mwenzao anapakia machungwa katika malori, kwa kuwa ulikuwa msimu. Hakuliandika kwa sababu aliona barua yapaswa kuwa fupi.

Mtoto akaitwa. Baba akamwuliza fedha zile zilikuwa za nini. Alitazama chini muda mrefu, kisha akasema ni za kununua viatu. Mwezi uliotangulia alitolewa mstarini asubuhi kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimepasuka, naye aliona aibu kumwambia baba, maana alijua hali ya nyumbani. Aliyemtoa mstarini ni nani? Yule mwalimu kijana alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa.

Sitawaambia kwamba watu walilia na kukumbatiana, sivyo ilivyokuwa. Baba alikaa kimya, akachora chora ardhini kwa kijiti. Mwalimu alimwomba radhi, na alimwomba radhi mtoto pia, jambo ambalo mimi katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kulifanya. Baba hakumwomba radhi mtoto, walau si mbele yetu. Lakini tulipoaga alitusindikiza mpaka barabarani, na njiani akauliza, "Hivi, mwanangu ni wa namna gani huko darasani?" Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuuliza. Mtoto alirudi shuleni Jumatatu. Hesabu bado zinampiga chenga.

Basi jibu langu kwa kijana yule ni hili. Kumficha mzazi si sawa. Lakini kumtupia kipande cha kweli, ukakiita kweli, nako si sawa, na huenda ni kubaya zaidi, kwa sababu aliyekitupa hulala usingizi akidhani ametimiza wajibu. Kabla ya kuandika au kusema, mwalimu ajiulize: Nimeyaona haya, au nimeyahukumu? Anayeambiwa ataelewa, naye anaweza kufanya nini? Na yeye anajua nini ambacho mimi sikijui? Akishindwa kujibu swali la tatu, basi avae viatu, aende akaulize.

Wasalaam. Nami ni mwenzenu, mwalimu mstaafu.